Mkono wa Kushoto wa Lottie Sobczak

Machi ya mwaka 1975, siku ya Jumanne, mashine ya kukatia makasha ilimnyang'anya Lottie Sobczak dole gumba la mkono wa kulia. Hospitalini, daktari alipomuuliza kama ana swali lolote, Lottie aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji hadi ukawa kama mkate, akasema, "Alhamisi nina mechi."

Daktari akadhani ni dawa ya usingizi inayosema. Ervin, mumewe, aliyekuwa amekaa miguuni pa kitanda na kofia yake ya kazini mapajani, alijua kwamba si dawa. Aliinamisha uso asionekane.

Lottie alikuwa na miaka arobaini na mitatu wakati huo. Alizaliwa na kukulia upande wa kusini wa Milwaukee, kwa wazazi waliotoka Poland, katika mitaa ambayo mtu huulizwa wastani wake wa alama katika boling, mchezo wa kuangusha pini kumi kwa tufe, kabla hajaulizwa ana watoto wangapi. Wastani wa Lottie ulikuwa mia moja sabini na nane. Hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye wastani huo katika ligi ya Alhamisi, pale kwa mzee Tesch, kwenye ukumbi wa njia kumi na mbili za kuviringishia matufe, ulio nyuma ya baa. Wanaume waliokuja kunywa bia walikuwa wakigeuza viti vyao zamu yake ikifika.

Timu yao iliitwa Soseji za Jurek, kwa sababu Jurek mwenye bucha ndiye aliyewanunulia mashati. Walikuwa wanawake watano, na nahodha wao alikuwa Flo Budzinski, rafiki wa Lottie tangu wote wawili wakiwa wasichana wa kiwandani. Lottie alirusha wa mwisho. Miaka tisa mfululizo alirusha wa mwisho. Nafasi hiyo hapewi mtu kwa sababu ya mkono mzuri tu. Hupewa yule ambaye, mechi ikiwa sare na wenzake wameanza kutafuna kucha, anaweza kuliinua tufe lake kana kwamba anakwenda jikoni kwake kuepua sufuria. Lottie alikuwa hivyo. Hatua nne, mkono unarudi nyuma, unakuja mbele, tufe linalala juu ya mbao bila kishindo. Baada ya hapo hakumtazama mtu. Alizitazama pini.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyerudi ukumbini mwezi Septemba, msimu mpya ulipofunguliwa, mkono wa kulia ukiwa na vidole vinne na kovu jekundu. Flo alimkumbatia mlangoni kwa muda mrefu kupita kiasi.

"Nafasi yako ipo, mpenzi," Flo alisema. "Hatujakuacha. Utatuandikia alama."

Lottie akaketi mezani, akaandika alama. Aliandika kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa kalamu nayo inataka dole gumba. Karatasi ya alama iliwekwa juu ya taa iliyoirusha ukutani, kwa hiyo namba zake zilizolala na kupinda zilionekana na ukumbi mzima, kila moja ukubwa wa ndoo. Hakuna aliyezitania. Walimletea kahawa. Walimuuliza kama amekula. Walimwambia habari za watoto wao kwa sauti nyororo, sauti ile watu wanayoitumia msibani, na wakitaka kufurahia ushindi walifurahia nusu, kisha wakamtazama kwanza.

Aliyevunja jambo hilo alikuwa Marge Oestreich. Marge alikuwa nahodha wa timu ya Dobi Nyota, mwanamke mnene wa ukoo wa Kijerumani mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani, na kwa miaka yote tisa alikuwa amechapwa na Lottie. Usiku wa wiki ya tatu alisimama katikati ya ukumbi, mkono kiunoni, akainua uso ukutani.

"We Lottie! Hiyo ni nane, au kuku amekanyagwa?"

Flo akawa mwekundu shingo nzima. Lottie aliitazama ile nane yake pale ukutani, na kweli ilikuwa na miguu.

"Ni nane," alijibu. "Kuku ni hiyo sita yako ya zamu iliyopita."

Akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Machi, na kicheko kilimuuma mbavuni. Alipofika nyumbani hakulala mapema. Alikaa akifikiri kwamba katika watu arobaini waliokuwamo mle ndani, ni mmoja tu aliyemsemesha kama mtu anayecheza.

Januari alimwendea Tesch asubuhi, baa ikiwa bado imefungwa. Tesch ndiye aliyekuwa mwenye ukumbi na ndiye aliyetoboa matufe ya watu wote, kila tundu kwa kipimo cha kidole cha mwenyewe. Alikuwa mtu mkavu, asiyesalimia. Aliuchukua mkono wa kulia wa Lottie, akaugeuzageuza kama anayekagua nyama, akajaribu kuvipima vidole viwili vya katikati, akauachia.

"Huu umekwisha kwa kazi hii," alisema. "Bila dole gumba utashika pauni nane, utarusha kama mtoto, na mgongo utakuharibikia. Una mwingine?"

"Mwingine nini?"

"Mkono, mama! Una mkono mwingine?"

"Ninao wa kushoto."

"Basi mbona unanipotezea muda na huu?"

Akampima wa kushoto. Lottie alikuwa akirusha tufe la pauni kumi na tano. Tesch akamtobolea la kumi na mbili, jeusi, lililokwisha kutumiwa na mtu. Akamwonyesha njia ya kumi na mbili, ile ya mwisho ukutani, akamwambia asubuhi haina wateja, aje atakavyo, ila asidondoshe tufe kutoka juu na kuzitia mbao zake mashimo.

Tufe la kwanza alilodondosha lilitia shimo.

Siku hiyo alipata alama sitini na moja. Mtu akiachwa arushe hovyo, hata akiwa amefumba macho, anaweza kupata sitini na moja. Katika zamu kumi, tufe liliingia mferejini, kando ya njia, mara tisa. Miguu ndiyo iliyomtia aibu kuliko mkono. Mwili mzima ulikuwa umejifunza kwa miaka ishirini na sita kwamba mguu wa kushoto ndio unaoteleza mwisho, na sasa ulitakiwa wa kulia. Alikuwa akifika kwenye mstari wa kurushia amejipinda kama anayeshuka kwenye ngazi asiyoiona.

Akaenda tena kesho yake. Akaenda Ijumaa, na Jumatatu, na Jumanne. Kiwandani walikuwa wamempa kazi ya kuhesabu makasha zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi zilikuwa zake. Nyumbani alianza kufanya kila kitu kwa kushoto. Alipiga mswaki kwa kushoto, akamenya viazi kwa kushoto, na Ervin akala viazi vyenye pembe nne kwa miezi miwili bila kulalamika. Jioni alishuka chumba cha chini ya nyumba, akasimama kando ya mashine ya kufulia, akaibembeza pasi ya zamani ya chuma nyuma na mbele, mara mia, hadi bega likawaka moto. Ervin alimsikia akihesabu.

Ilipofika Machi, mwaka mmoja tangu ajali, alikuwa akipata alama tisini, mara chache mia. Hapo akakwama. Wiki sita hakusogea hata hatua moja.

Ervin hakuwa mchezaji. Alifanya kazi ya kusubu vyuma, na siku zake za mapumziko alipenda kukaa. Lakini Jumamosi moja alikwenda naye, akaketi kwenye benchi la nyuma na gazeti lake. Lottie akarusha. Gazeti la Ervin likabaki ukurasa uleule. Walipokuwa wakirudi kwa miguu, mvua ya barafu ikiwapiga usoni, alisema:

"Umesema samahani mara kumi na saba."

"Nani?"

"Wewe. Nimehesabu. Tufe likienda vibaya unageuka, unasema samahani. Mle ndani tulikuwa mimi na Tesch, na Tesch alikuwa stoo. Ulikuwa unamwambia nani?"

"Sijui. Ni adabu tu."

"Ni adabu ya nini? Zamani nilikuwa nakuja kukuchukua, nakuita hata mara tatu, hunisikii. Unazitazama zile pini kama zimekuibia. Sasa tufe halijafika hata katikati, wewe umeshageuka unatazama uso wangu." Akafuta barafu kwenye nyusi. "Uso wangu hauna kitu, Lottie. Mimi naujua."

Lottie alikasirika, akatembea mbele hadi nyumbani. Alikasirika kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu mtu asiyejua boling ndiye aliyeiona. Alipokuwa akivua viatu alijaribu kukumbuka tufe hata moja la asubuhi ile ambalo alikuwa amelitazama hadi mwisho. Hakulipata. Alikuwa akiachia na kugeuka, akiachia na kugeuka. Ndiyo maana alikuwa hajifunzi kitu: hakuona tufe lilipokosea, aliona nyuso tu. Na mkono unaojua kwamba mwenyewe yuko tayari kuomba radhi haurushi. Unajaribu.

Jumatatu alijiwekea sheria mbili. Ya kwanza, akishaachia tufe atasimama palepale, mguu mmoja mbele, hadi ligonge pazia la nyuma, liwe limeangusha pini zote au limeingia mferejini. Ya pili, neno samahani likimtoka, atarudia matufe kumi.

Asubuhi hiyo alirudia matufe themanini. Tesch alitoka stoo kuona kama amepatwa na wazimu.

"Mkono utakung'oka," alimwambia.

"Haung'oki."

"Unajuaje?"

"Sijui. Ila leo nimeamua kusema kama ninayejua."

Tesch akamtazama, akakuna kidevu. "Haya. Kama ndivyo, basi utembee pia kama unayejua. Unavyolifuata hilo tufe, ungedhani unakwenda kuliomba ruhusa."

Ilimchukua wiki mbili neno lile limwishe mdomoni. Ilimchukua muda mrefu zaidi kwenda mstarini kwa ile hatua yake ya zamani, ya mtu anayeepua sufuria, huku akijua vizuri kwamba tufe huenda likaishia mferejini. Hilo lilikuwa gumu. Zamani alitembea hivyo kwa sababu alikuwa mzuri. Sasa alitakiwa atembee hivyo kwanza, uzuri uje baadaye, au usije. Asubuhi nyingine alijiona mwongo. Lakini akaona jambo: alipotembea kwa woga, tufe lilikosea kila siku kwa namna mpya, alipotembea kwa kujiamini, lilikosea kwa namna ileile, vidole viwili kulia kwa shabaha. Kosa linalojirudia lina dawa. Akasogeza mguu wa kuanzia vidole viwili, na Juni, kabla ukumbi haujafungwa kwa joto, alipata mia moja thelathini na nne.

Agosti alikwenda kwa Flo. Flo alikuwa uani akianika mashuka.

"Gladys mliyemwingiza badala yangu anahamia kwa binti yake huko Arizona," Lottie alisema. "Mna nafasi ya tano. Naitaka."

Flo alishusha vibanio. "Lottie, mpenzi wangu. Unajua tunavyokupenda."

"Sikuja kuomba kupendwa, Flo. Nimekuja kuomba nafasi."

"Wastani wako sasa ni ngapi?"

"Mia moja kumi na mbili."

Flo alilinyoosha shuka lililokwisha kunyooka. Lottie aliona anavyotafuta maneno, na safari hii hakumsaidia kuyapata.

"Watu watakutazama," Flo alisema mwishowe. "Walikuona ukiwa pale juu. Sitaki wakuone…"

"Wataona mtu mwenye mia moja kumi na mbili. Na pini za nyongeza nitapata, kama wenye wastani mdogo wote. Kwenye karatasi sitawapunguzia kitu. Mengine ni yangu, hata yakiniuma."

"Na yakituuma sisi?"

"Basi utaniambia. Kwa sauti yako ya kawaida, si hiyo."

Flo alicheka kidogo bila kutaka. Alimpa nafasi ya kwanza, ile ambayo mtu hurusha mapema na makosa yake yana muda wa kufunikwa.

Usiku wa kwanza Lottie alivunja moyo wa kila mtu. Ukumbi ulikuwa umejaa, moshi wa sigara umetanda chini ya taa, na alipolichukua tufe kwa mkono wa kushoto kelele zilipungua, kama alivyojua zitapungua. Alitembea vizuri. Akaachia vizuri. Akasimama palepale akilitazama tufe lake likiingia mferejini hatua tatu kabla ya pini. Mtu alisema "maskini" huko nyuma. Hakugeuka. Mchezo wa tatu alipata tisini na saba, na Soseji za Jurek wakashindwa kwa pini tisa.

Kwenye chumba cha makoti wenzake walikusanya mifuko yao ya matufe. Lottie alivaa koti, akafunga vifungo vyote kwa mkono mmoja.

"Tisini na saba," alisema. "Nilikuwa naanza kushoto mno, nimegundua kwenye zamu ya nane. Alhamisi tuonane."

Mmoja wa wasichana wa timu alimwambia Flo baadaye kwamba mama yule ama ni jasiri ama hajui kinachoendelea. Flo alijibu kwamba hata yeye hajui ni lipi.

Marge Oestreich alikuwa mlangoni akivuta sigara. "Kwa hiyo umerudi na alama za sadaka," alisema. "Pini hamsini za bure. Na mimi nizeeke bila kukufunga kwa haki?"

"Ukitaka haki, Marge, funga dole gumba lako ndani ya soksi, urushe."

"Mkono huo wa kushoto umeufundisha na ishara ya msalaba?"

"Umejifunza. Unaniombea nikufunge."

Msimu ukaenda hivyo. Oktoba wastani ulikuwa mia moja kumi na tano, Krismasi mia moja ishirini na mbili, Februari mia moja thelathini na moja. Haukupanda kila wiki. Kulikuwa na Alhamisi alipotoka na mikono mitupu kabisa, akarudi nyumbani akamwambia Ervin "leo hapana," akala, akalala. Lakini wenzake walianza kuona kitu wasichokuwa na jina lake. Alipokosa, benchi halikupoa. Wale wasichana wawili waliorusha nafasi za katikati, waliokuwa na mazoea ya kurudi na uso ulioanguka wakikosa, waliacha. Ingekuwa ajabu kulia kwa pini moja mbele ya mwanamke yule aliyekuwa akirudi kutoka mferejini huku akiuliza, "Mmeona lilipopinda?"

Mei 1977 ilikuwa fainali: Soseji za Jurek na Dobi Nyota, michezo mitatu, jumla ya pini zote. Baa ilijaa hadi nje. Jurek mwenyewe alikuja na tai.

Baada ya michezo miwili Dobi Nyota walikuwa mbele kwa pini ishirini na moja, na aliyewarudisha nyuma Soseji za Jurek alikuwa Flo. Tangu ajali ya Lottie, Flo ndiye aliyerusha wa mwisho. Alikuwa na wastani wa mia moja hamsini na tisa, mkono mzuri kuliko wote waliobaki, lakini usiku ule katika zamu za mwisho tufe lilimtoka kama sabuni. Kabla ya mchezo wa tatu alimvuta Lottie kando ya mashine ya sigara.

"Siwezi," alisema. "Nikisimama pale nawasikia wote. Nasikia hata barafu kwenye glasi zao. Rusha wewe wa mwisho."

"Mimi ndiye mwenye wastani mdogo kuliko nyote."

"Najua hesabu. Mimi ndiye ninayeandika karatasi." Flo akafumba macho. "Wewe ukikosa utarudi ukakaa. Mimi nikikosa nitakufa. Tafadhali."

Lottie angeweza kumpa maneno matamu. Alimshika bega. "Haya. Lakini utarusha wa kwanza, na utarusha kama Flo. Na ukikosa, njoo ukae karibu yangu unisimulie lilikopita."

Flo alirusha wa kwanza, na bila mzigo ule akapata mia moja themanini. Wale wengine walifanya vyao. Pini ishirini na moja ziliyeyuka, zikarudi, zikayeyuka tena. Zamu ya tisa Lottie aliacha pini moja imesimama, hakuimalizia. Kisha Marge alipanda kwa zamu yake ya kumi, akaangusha zote kumi kwa tufe la kwanza, kwa matufe ya nyongeza akaangusha tisa, akamalizia moja. Alipogeuka akiwa amekunja ngumi, glasi zililia kwenye rafu kwa vifijo.

Flo aliikokotoa karatasi mara mbili. "Kumi na nane," alisema. "Ukipata kumi na nane tunashinda kwa moja. Kumi na saba ni sare."

"Sawa."

"Angalau umalizie zote kwa matufe mawili, halafu upate nane kwa la nyongeza."

"Flo. Nimesikia."

Alifuta kiganja cha kushoto kwenye sketi. Ni kweli kwamba alisikia barafu kwenye glasi. Alimsikia mtu akikohoa, akamsikia Marge akisema, si kwa sauti kubwa, "Twende, kuku wangu." Alikuwa na woga. Kuhusu hilo baadaye hakumdanganya mtu. Lakini miguu ilikuwa imeshatembea njia ile mara elfu nyingi asubuhi bila mtazamaji, na haikuuliza kama mwenyewe anaogopa.

Hatua nne. Tufe liliingia pale hasa lilipotakiwa, pini zikaruka kwa kishindo, na tisa zikalala. Moja ikabaki, ile ya kona ya kushoto kabisa, iliyo upana wa kiganja tu kutoka mferejini. Watu wakaguna. Ilikuwa dhuluma, tufe lile lilistahili zote. Lottie alisimama akiitazama ile pini hadi mashine ilipozoa zilizoanguka. Hakuguna.

Kwa mtu wa mkono wa kushoto, hiyo ndiyo pini ya kumlaza macho. Aliikosa mara ngapi mwaka ule, hakuna aliyehesabu. Alisogea kulia kabisa mwa jukwaa, akaelekeza mabega kona, akatembea. Tufe lilikwenda likiambaa, likawa linaegemea mferejini kiasi kwamba Jurek alishika tai yake kwa mikono miwili, na kwenye hatua ya mwisho likaigusa. Kuigusa tu, ubavuni. Pini ikayumba, ikaanguka kama mtu aliyebadili nia.

Kumi. Zimebaki nane.

Tufe la mwisho lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kurusha kwa mkono ule. Alijua kabla halijafika. Liliingia katikati ya pini kwa nguvu, zito, moja kwa moja, na nane zikapotea. Mbili zikabaki: moja kona ya kushoto, moja kona ya kulia, zimetengana kama watu waliogombana. Hakuna mchezaji katika mji wote asiyezilaani pini hizo mbili zinapobaki hivyo. Kwa muda mfupi ukumbi ukaguna, kwa mazoea. Kisha mtu mmoja baa akahesabu kwa vidole, akapiga yowe, na watu wakaanza kuzishangilia pini mbili za kona, kitu ambacho Tesch alisema hakijawahi kuonekana chini ya paa lake.

Lottie alikuwa bado amesimama mstarini. Tufe lilikuwa limeshagonga pazia. Ndipo akageuka.

Flo alikuwa analia bila kujificha. Marge alivuka benchi kwa mwili wake wote, akamshika Lottie kwa mabega mawili.

"Pini moja," alisema. "Pini moja, na kwa mkono usio wako!"

"Sasa ni wangu," Lottie alisema.

Marge akaagiza brandi mbili, moja akampa. Ervin alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa makoti. Alimwambia kwamba amehesabu samahani, hajapata hata moja.

Lottie Sobczak alirusha kwa mkono wa kushoto kwa misimu mingine kumi na mitatu. Wastani wake mkubwa ulifika mia moja sitini na tatu. Ile mia sabini na nane hakuiona tena, wala hakusema kwamba aliiona. Fainali nyingine mbili alizipoteza, moja kwa kosa lake mwenyewe, tufe lililochelewa kutoka kidoleni.

Jumatatu baada ya ushindi ule, saa tatu asubuhi, alikuwa njia ya kumi na mbili, kwa sababu ile pini ya zamu ya tisa ilikuwa bado inamsumbua. Alikuwa amerusha matufe manne hivi aliposikia mlango. Flo aliingia na mfuko wa tufe lake, amevaa kitambaa kichwani kama anayekwenda sokoni.

"Tesch kaniambia asubuhi hakuna watu," Flo alisema.

"Hakuna."

"Nataka kurudi nafasi ya mwisho. Si mwaka huu. Siku moja."

Lottie alimsogezea kiti. "Vaa viatu," alisema. "Utaanza wewe. Na ukishaachia, Flo, usinitazame mimi."